Kaburi Uliloingia Si la Mama

Mpendwa Baba Salha,

Unisamehe kwa kukawia. Uliponiomba barua, mahindi ya jirani yalikuwa yanatoa mbelewele. Leo wanayachoma kando ya barabara. Si kwamba nilikosa kalamu. Nimeanza mara nne. Ya kwanza mwanao Hamadi aliimwagia uji. Ya pili niliimaliza, nikaisoma, nikaona haina hata salamu, ni matusi matupu, nikaichana. Ya tatu na ya nne nilizisinzilia. Siku yangu unaijua: gesti ina vyumba kumi na viwili, na kila shuka linapita kwenye mikono hii kabla halijarudi kitandani. Ikifika jioni vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee, kalamu inateleza.

Na hii naiandika wazi, asomaye na asome. Wewe umeniomba barua ya siri yenye uongo ndani. Yangu ni ya kweli, ya nini kuificha? Ila sitataja jina lako, wala nchi unayoishi, wala ile uliyokwenda. Kesi yako haijaisha, na watoto ni wako. Anayemjua Mama Salha wa Mikumi atatujua, na huyo hata nisingeandika ameshasikia.

Unakumbuka tulivyokutana? Reli mpya ilikuwa inatobolewa kwenye milima ya Kilosa, wewe fundi wa kuchomelea vyuma, mimi nagawa chakula kwenye jiko la wafanyakazi. Kidato cha pili kilinishinda kwa sababu unazozijua, nikashika upawa. Ulikuja na sahani, nikakugawia, hukuondoka.

"Dada, haya maharage yana upweke. Yaongezee wenzao."

"Kaka, foleni imefika getini. Upweke kalalamike kwa msimamizi."

"Msimamizi hana upawa."

Wenzako wakacheka, nami mjinga nikakuongezea. Kesho yake ukaja wa mwisho kwenye foleni. Kesho kutwa tena wa mwisho. Nikauliza mbona unapenda ukoko, ukasema unapenda kusaidia kuosha sufuria. Mwanamume, fundi, mwenye ovaroli yenye matundu ya cheche, amekaa juu ya jiwe anasugua sufuria la watu mia. Nilikuwa nimekwisha.

Halafu mwaka ule mto Mkondoa ukaingia majumbani. Ulimbeba mama yako mgongoni kutoka Mabwerebwere, maji yanakufika mapajani, nami nyuma yenu, mchumba tu bado, godoro kichwani. Mama alikuwa anakupiga makofi ya bega.

"Polepole, we mtoto! Mimi si gunia la mpunga!"

"Gunia la mpunga halisemi, mama."

Alicheka mpaka nusura adondoke. Siku hiyo nilijisemea moyoni, huyu sina haja ya kumchunguza tena. Anayembeba mama yake namna ile hatanitua njiani.

Kazi ya reli ilipoisha, msimamizi wenu akachagua mafundi watatu wa kwenda naye kwao. Hamadi alikuwa tumboni, miezi sita. Ulisema mwaka mmoja. Mwaka ukawa miwili, ukaniambia umeomba ukaazi wa kudumu, ukipewa utatuvuta na sisi. Nilifurahi, sikatai. Niliwaambia hadi wateja wa gesti.

Nakumbuka ulivyonisomea masharti kwenye simu. Ulikuwa unasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kwamba mwombaji asitoke nje ya nchi bila ruhusa mpaka ombi lijibiwe. Kwamba kuna orodha ya nchi ambazo mwombaji hatakiwi kuzikanyaga kabisa, ruhusa haiombwi. Ukaisoma orodha yote. Ulipofika kwenye nchi moja ukasema, "Huku hata wanilipe siendi, kuna mabomu." Nikakuuliza, "Tanzania imo?"

"Haimo. Lakini kuja lazima niombe ruhusa."

"Si uombe?"

"Wakili anasema nisiombe. Wataona sina haja ya kukaa."

Nikasema sawa. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea na wakili, mimi naongea na Omo na ndoo.

Kisha mama yako akaugua, na hakuugua siku nyingi. Nilipanda basi kutoka Mikumi na watoto wote wawili, nikamkuta anapumua kwa shida, kanishika kiganja, anauliza, "Kaja?" Nikasema yuko njiani, mama. Mungu anisamehe, ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya karatasi zako. Alfajiri akaondoka.

Nilikupigia. Ulilia, nilikusikia unavyolia, na sitasema hukulia. Nikakwambia Rajabu binamu yako anaweza kuwaomba wazee wakusubiri hata siku mbili. Ukasema, "Mke wangu, wakili kasema hata kusogea mpakani nisisogee. Nikitoka, miaka yote hii imekwenda na maji." Nikakata simu. Nikaenda kumwogesha mama yako. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga maji. Bega lile alilokuwa anakupigia, la kulia, lilikuwa na kovu dogo la moto ambalo sikuwahi kuliona. Nilitaka kukuuliza alilipata wapi. Mpaka leo sijakuuliza.

Nje, watani wa ukoo wenu walishaanza. Unawajua, hawana haya, na ndiyo kazi yao: msiba ukizidi uzito, wao wanaupunguza kwa kucheka. Mwanahawa aliingia chumba chako cha zamani, akatoka amevaa ovaroli yako na ile kofia ya kuchomelea usoni, kandambili sikioni kama simu.

"Haloo! Haloo mama! Usife leo, ofisi zimefungwa!"

"Mwambie asubiri Jumatatu!" wakaitikia wenzake.

"Mama nakuja, lakini karatasi imekwama kwenye mashine!"

"Kwani yuko wapi huyo?"

"Yuko Ulaya!"

"Ulaya gani, hii kata yetu ya hapa Kilosa? Basi la Ulaya si linapita hapa kila siku kwenda Mikumi? Apande hilo!"

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Mimi nami nilicheka, nikajifunika mtandio, nikacheka mpaka kicheko kikageuka. Mjomba wako mkubwa akaniita pembeni. Nikapiga magoti, shikamoo mjomba, marahaba.

"Mke wetu, mumeo haji kweli?"

"Haji, mjomba. Karatasi zake hazimruhusu."

"Na aliyeiandika hiyo karatasi," akasema, "yeye hana mama?"

Nilikutetea. Nilisimama mbele ya wazee wako nikaeleza habari ya masharti, ruhusa, orodha, kama vile mimi ndiye afisa wa uhamiaji. Nilieleza vizuri mpaka mwalimu mmoja akaniuliza nimesomea wapi.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo simu nilimpa Rajabu ili uone. Ukaja kuniambia umeona kila kitu. Rajabu aliniambia mtandao ulikatika kabla hawajafika. Nilikuachia. Nilisema moyoni, mtu akiwa na uchungu huona hata asichoonyeshwa. Walipoita mtoto wa kiume ashuke kaburini kumpokea mama yake, hakujitokeza mtu. Rajabu ndiye aliyevua viatu akashuka, na mjomba mwenye miaka yake akashuka, wakampokea.

Sasa acha nikuambie ulichonifanyia, kwa sababu nadhani hujui.

Miezi saba baada ya msiba ule, ulikuwa kimya siku nne. Salha aliuliza, nikamwambia baba yuko zamu ya mbali, wanakusanya simu. Ndivyo ulivyoniambia. Kumbe uko kwenye basi, umevuka mpaka, umevuka mwingine, umeingia nchi ile ile ya mabomu uliyonisomea ukicheka. Wala nisingejua. Ila uliporudi walikuona na mhuri kwenye pasipoti, wakakuita ujieleze, wakili akakwambia jambo moja tu linaweza kukuokoa: kwamba aliyefariki kule alikuwa ndugu wa mkeo, kwa hiyo ulikwenda kwa wajibu wa familia. Ndipo mke akakumbukwa.

Ulinipigia mchana, niko na beseni la mashuka. Ukaeleza haraka haraka. Kuna dada anafanya kazi kantini kwenu. Baba yake amefariki kwao. Kaka zake wote vita vimewatawanya, hakuwa na wa kumsindikiza. "Ni kazini tu, Mama Salha. Ni ubinadamu."

Dada wa kantini.

Baba Salha, wanawake wa kantini waeleze kwa mtu mwingine, si kwangu. Mimi nilikuwa mwanamke wa kantini. Najua mwanamume anavyosimama na sahani. Najua anavyokuja wa mwisho. Mwaka jana uliponiambia kantini kuna supu ya dengu inayokaribia ya mama, nilisema haya, ashukuriwe mpishi, nikakata simu nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa hadi mwenye gesti akaniuliza kama naumwa. Ningesema nini? Kwamba naionea wivu supu?

Halafu ukanitumia picha tatu, niziambatanishe na barua ya wakili nikurudishie, kuthibitisha kwamba msiba ulikuwepo. Ulizituma wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ya kwanza, watu wamekaa kwenye mkeka, nawe umo, umevaa kanzu niliyokushonea ya Idi. Nikasema si neno, kanzu ni ya kuvaliwa. Ya pili, jeneza linabebwa. Ya tatu ni wewe umesimama ndani ya kaburi, udongo unakufika kifuani, mikono umeinua juu, unapokea maiti.

Niliiweka simu chini. Nikaifuta mikono, nikaichukua tena. Nikaikuza ile picha mpaka uso wako ukawa vipande vipande.

Kwetu kaburini hashuki kila mtu, nawe umelelewa Mabwerebwere unalijua hilo kuliko mimi. Wanashuka wawili watatu walio karibu na marehemu: mwanawe, ndugu yake, mkwe wake. Wewe si mwanawe yule mzee. Si ndugu yake. Limebaki moja.

Nisingekuonea wivu hivi kama ningesikia umelala na mwanamke. Nisikilize vizuri. Nafua mashuka ya watu, ya wanaofika na wake zao na wanaofika na wasio wao. Najua hayo yanakuja na kufulika. Wivu wangu ni wa msiba. Mwanamke yule ulimwinamishia mgongo wako, ulimpa viatu ulivyovua, ulimpa siku nne na karatasi zako zote na kukaa kwetu huko tulikokungojea miaka mitatu, ili baba yake asiingie ardhini peke yake. Mimi nilipokuomba siku mbili, kwa nchi isiyokuwemo hata kwenye orodha, kwa mama aliyekuzaa, uliniambia wakili hataki.

Yeye alikuombaje? Hilo ndilo linaloniamsha. Alitumia maneno gani ambayo mimi sina? Alilia? Nami nililia. Au hakukuomba kabisa, ulijitolea?

Ulipopiga tena nikakutajia ile ya tatu, ukasema, "Nilipokuwa mle ndani nilikuwa namzika mama. Naapa. Walivyomshusha, nilimwona mama."

Nimelala na maneno hayo siku nyingi, na huenda ni ya kweli. Nakujua. Kweli unaweza kuvuka mipaka miwili kutafuta kaburi la kulilia. Basi na hilo linaniuma vilevile, maana kama ulimzika mama, umemzika kwa watu wasiomjua, pembeni ya mwanamke ambaye hakumwagia maji bega lake. Kilio chako cha mama kilikuwa changu. Nilikuwa nimekiwekea nafasi.

Watoto wazima. Salha anasoma vizuri, ila ameanza kujibu "baba atakuja" kwa sauti ya kuwachosha wenzake. Hamadi anakufahamu kwa simu tu. Juzi simu ya mwenye gesti iliita juu ya meza, mtoto akaikimbilia, akaisemesha, "Shikamoo baba!" Mwenye gesti akajibu, "Marahaba," akanitazama, akaondoka na simu yake ikiwa bado inaita. Nilimbeba Hamadi nikaenda naye kwenye kamba za nguo, nikamzungushia shuka bichi tukachezea hapo mpaka akasahau. Mimi sikusahau.

Basi barua ya kwamba yule mzee alikuwa baba yangu mdogo sitaiandika. Baba zangu wadogo ni wawili: mmoja yuko Msowero analima ufuta, mwingine Lumuma anahangaika na vitunguu. Wote wazima, na sitamuua hata mmoja kwa ajili ya mhuri. Nilishadanganya mara moja kwenye kitanda cha mama yako na bado uongo ule haujanishuka kooni.

Lakini sitakuacha mikono mitupu. Nitaandika ya kweli. Nitamwandikia wakili kwamba wewe ni mume wangu wa ndoa, baba wa watoto wawili, mmoja hujamgusa. Kwamba uliyatii masharti yao hadi ukakosa kumzika mama yako. Kwamba uliyavunja mara moja, kwenye maziko ya mtu mwingine, na mimi mkeo ndiye niliyeumia kuliko ofisi yoyote. Hao nao ni watu, waisome waamue. Wakikupa ukaazi, tutazungumza kama nakuja. Wakikunyima, rudi. Usiogope watani, nitakaa nao mimi. Mageti ya kuchomelea yapo Mikumi, na mlango wetu nao una bawaba moja iliyolegea tangu ulipoondoka.

Najua nimekuwa mkali. Nimechoka, Baba Salha, na bado nakutaka, na hayo mawili yakikaa katika mtu mmoja hayaongei kwa upole. Siku ulizopewa kujieleza zimebaki chache, kwa hiyo kabla sijaanza hiyo barua nyingine, haya ndiyo ninayoyahitaji, na usinijibu kwa ujumbe wa sauti.

Viatu vya shule vya Salha, vyeusi, vya kamba, namba thelathini na moja. Usinunue thelathini, miguu kaitoa kwako.

Anwani ya wakili kwa maandishi, na jina la kumwandikia, maana sitaki barua yangu ipitie kwako kwanza.

Nakala ya kurasa za pasipoti zenye mihuri, ya kuingia na ya kutoka. Zote, hata kama kuna safari nyingine.

Ile picha ya tatu, nzima, isiyokatwa. Kwenye ukingo wa kulia kuna mkono wa mwanamke umeshika viatu vyako. Huenda kwao wanawake wanafika makaburini, sijui. Nataka kuona mkono unaishia kwa nani.

Jina kamili la huyo dada, na neno moja kama anajua kwamba mimi nipo: anajua, au hajui.

Na mwisho, waliokuwa juu ya kaburi walipokunyooshea mkono wakutoe, walikuita nani? Liandike jina hilo kama walivyolitamka kwa lugha yao, na pembeni uniwekee maana yake. Nikishalisoma, nitashika kalamu.

Mkeo,
Mama Salha